Fimbo ya Shaba Kwenye Lengalenga

Mtu ni watu. Ni methali fupi kuliko nyingi tulizofundishwa, na labda kwa ajili ya ufupi huo wengi wetu huitamka bila kuisikia. Maana yake ni kwamba hakuna anayekuwa mtu kwa kujitosheleza. Huwa mtu kwa sababu ya wale wanaomwita jina lake, wanaojua kama amelala njaa au ameamka na homa. Anayefunga lango lake na kusema hahitaji mtu anaweza kuishi miaka mingi akidhani amepata amani, kumbe alichonacho ni upweke tu. Ndivyo alivyoishi Nabintu, mjane wa hapa Goma, mpaka wiki ile aliyobadilishiwa mita ya umeme.

Nabintu alikuwa karani katika shule moja ya msingi. Nyumba yake ilikuwa ya mbao, yenye paa la mabati na mlango wa bati, katika mtaa ambao lava ya mwaka 2002 ilipita ikaganda. Ua wake wote ulikuwa mawe meusi, yale tunayoyaita makoro. Hata jani la kitunguu halikuota. Jioni alirudi kutoka kazini, akafunga lango kwa komeo, akapika chungu kidogo cha mtu mmoja. Redio aliiwasha si kwa ajili ya habari bali ili nyumba iwe na sauti. Wakati mwingine mtangazaji alipowaaga wasikilizaji, Nabintu alijikuta akiitikia.

Karibu na mlango palikuwa na ubao wa fyuzi mbili za kauri, uliowekwa na marehemu mume wake, Luc. Fyuzi ilipoungua, Nabintu alisokota uzi wa waya wa shaba akaupachika, kama wafanyavyo wengi. Umeme uliwaka, lakini mvua ikinyesha bati la mlango lilimpiga mtu mkono. Aubin, mchumba wa binti yake Jolie, alipokuja kujitambulisha, alilishika bati hilo kwa adabu zote akarushwa mpaka kofia ikaanguka. Siku ile walicheka. Baadaye, Jolie alipoolewa na kupata mimba, hakuna aliyecheka tena.

Jolie alijifungua mtoto wa kiume kwa upasuaji. Kwa desturi yao, binti anayejifungua mara ya kwanza hurudi kwa mama yake, akaogeshwa maji ya moto na kunyweshwa uji mpaka mwili urudi. Nabintu aliingoja siku hiyo kama mkulima angojavyo mvua. Lakini Aubin alimpigia simu kutoka hospitali.

"Mama, usikasirike," alisema. "Jolie anataka kuja kwenu. Na mimi napenda. Lakini mutoto wa siku saba hawezi kulala ndani ya nyumba yenye inapiga watu. Jumamosi wanamutoa hospitali. Kama hii mambo ya courant haijatengenezwa, atakwenda kwa mama yangu, kule Lac Vert."

"Itatengenezwa," Nabintu alijibu. "Niliomba compteur mpya tangu Jolie alipopata mimba. Wanakuja Jumatano."

"Basi Mungu asaidie, mama."

Alipokata simu, nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba alisikia mbao zikilia kwa joto la jua. Alijua kwamba mtoto akianza maisha Lac Vert, atamzoea bibi wa Lac Vert. Yeye Nabintu atakuwa mgeni wa Jumapili, wa kuletewa soda na kusindikizwa.

Jumatano watu wa kampuni ya umeme walikuja kweli. Waling'oa mita ya zamani, wakatundika mpya, wakaifunga kwa lakiri. Walimwambia kwamba haitawashwa mpaka mkaguzi aje Ijumaa adhuhuri, apime waya wa ardhi, ule unaoushusha umeme uliopotea njia mpaka udongoni. Akikuta waya huo haufai, mita itarudishwa ofisini na Nabintu atangoja zamu nyingine. Zamu ya kwanza ilikuwa imemchukua miezi sita.

Alhamisi asubuhi akaja Fiston, fundi aliyemwajiri kubadilisha ubao wa fyuzi. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye mazoea ya kuzungumza na nyaya. Alifungua ubao wa Luc, akaita.

"Mama, kuja uone." Nyuma ya fyuzi mbao ilikuwa nyeusi, imeungua kwa upana wa kiganja. "Moto ulishakuja kutembea hapa. Ulikosa mutu, ukarudia."

Nabintu aliigusa mbao ile iliyokauka kama mkate. Alikumbuka kwamba kama nyumba ingewaka, hakuna ambaye angejua yumo ndani.

Kabla ya saa nne Fiston alikuwa ametundika sanduku jipya jeupe lenye swichi sita. "Hii kubwa, disjoncteur, ni mulinzi," alieleza. "Courant ikitaka kukimbilia kwenye bati, yeye anakata. Lakini bila waya wa ardhi, ni mulinzi kipofu. Sasa twende tutafute udongo."

Fimbo ya shaba ilikuwa na urefu wa mita moja na nusu. Fiston aliipiga nyundo karibu na mlango, ikaruka. Aliipiga karibu na choo. Ikapinda kama mkia wa mbuzi. Akainyoosha juu ya jiwe, akajaribu kila pembe ya ua, mpaka nyundo ikawa inatoa cheche juu ya makoro na jasho likamtiririka hadi kwenye viatu.

"Hapa ni jiwe mpaka jehanamu," alisema akiketi.

"Si uufunge tu huo waya kwenye jiwe, uzike ncha?" Nabintu aliuliza kwa sauti ndogo. "Nasikia wengine wanafanya hivyo."

Fiston alimtazama bila hasira. "Wanafanya. Lakini wewe hukuniitia hiyo, mama. Uliniambia kuko mutoto anakuja."

Nabintu aliinamisha kichwa kwa haya.

Fundi alisimama, akatazama juu ya ua wa mbao. Upande wa pili majani ya migomba yalikuwa yakitikisika. "Pale migomba inaota. Lava ilizunguka, ikaacha kipande. Umuombe jirani. Ni hatua kumi tu."

"Pale siwezi kwenda."

"Kwa nini?"

Zilikuwa hatua kumi za miaka minane.

Luc alipofariki, mtaa mzima ulikuja kukaa matanga. Siku ya tatu, jioni, Nabintu akiwa amelala juu ya mkeka, alisikia kicheko kikubwa nje. Alikuwa Papa Dieudonné, jirani wa ng'ambo ya ua, mtu wa milima ya Masisi, akicheza karata na wenzake. Kicheko kile kilimchoma kama msumari wa moto. Alitoka na nywele zikiwa zimetimka, akasema mbele ya wote: "Kama mumekuja kucheka, endeni mukacheke kwenu!" Watu waliinuka mmoja mmoja, kila mtu na kiti chake. Kesho yake Mama Eugénie, mke wa Dieudonné, alileta sahani ya ugali na maharage. Nabintu aliirudisha ikiwa bado imefunikwa, na kwetu kurudisha chakula cha matanga ni kumtemea mtu mate. Kuanzia hapo hakuna aliyebisha hodi tena.

Halafu mwaka jana Papa Dieudonné naye alifariki. Nabintu alisimama nyuma ya mbao siku tatu akisikiliza nyimbo za matanga, kitenge kikiwa begani tayari. Kila alipotaka kutoka, miguu ilikataa. Siku ya nne viti vilirudishwa, na muda wa kwenda ukawa umepita.

"Saa ngapi sasa?" alimuuliza Fiston.

"Saa tano."

Alipiga moyo konde. Alichukua kilo ya sukari, akaifunga kwenye kitenge, akatoka langoni, akazunguka ua.

Mama Eugénie alikuwa ameinama katika kipande chake cha udongo, kikubwa kama chumba kimoja tu, akichuma lengalenga, mchicha wa huku kwetu. Kule Masisi alikuwa na mashamba ya kuanzia bondeni hadi kileleni. Hapa alikuwa na migomba minne na matuta matatu, na aliyapalilia kama mtu anayechana nywele za mtoto.

"Hodi, Mama Eugénie."

"Nani?"

"Ni mimi. Mama Jolie."

Mama Eugénie hakuinuka. "Mama Jolie gani? Ule wa ng'ambo ya mbao alihama zamani."

"Sikuhama, mama."

"Ah! Kama hukuhama, basi ulikuwa umelala. Mume wangu alikufa. Watu walitoka Sake, wengine Bunagana kwa pikipiki. Wewe ulitoka wapi?"

"Nilisikia," Nabintu alisema. "Nilisimama pale kwenye mbao siku tatu. Nilikuwa na haya. Nisamehe, mama. Na leo pia sikuja kwa wema tu. Nimekuja kuomba."

Alieleza yote: mtoto, mkaguzi, makoro, fimbo ya shaba. Alipomaliza, Mama Eugénie aliinuka taratibu, akijishika kiuno. Hakuitazama ile sukari. Aliingia ndani, akatoka na kigoda, akakiweka chini kwa kishindo.

"Mambo ya waya itangoja. Kaa kwanza. Uko na deni ya matanga kwangu. Huwezi kuomba udongo kwa mutu ambaye hujamulilia bwana."

Nabintu aliketi. Mama Eugénie naye akaketi mkabala naye, mikono mapajani, kama wafiwa wanavyoketi. Hawakuzungumza. Ng'ambo ya ua Fiston alikohoa, akanyamaza. Jua lilipanda. Robo saa ikapita, labda zaidi, na katika ukimya ule machozi ya Nabintu yalianza kutoka, kwanza kwa ajili ya Dieudonné, halafu kwa ajili ya Luc, halafu hakujua tena ni kwa ajili ya nani.

"Unajua alikuwa anacheka nini ile siku?" Mama Eugénie aliuliza ghafla.

Nabintu alitikisa kichwa.

"Alikuwa anamucheka bwana yako. Siku moja alimupeleka Masisi kuangalia ng'ombe. Papa Luc, mutu wa ofisi, na kravati yake, na chapeau. Ng'ombe moja ikamutosha chapeau kwenye kichwa, ikaenda nayo mudomoni. Na yeye anaifuata mulima muzima: 'Madame, s'il vous plaît! Madame!' Ng'ombe anaitwa madame! Dieudonné alianguka chini. Ile jioni ya matanga ndiyo alikuwa anawahadisia. Alisema, 'Nisipocheka nitapasuka, kwa sababu nilimupenda.'"

Nabintu alimwona Luc wake, mwembamba, mwenye adabu hata kwa mbwa, akimkimbilia ng'ombe mlimani. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. Kilitoka kikwaruza, kama lango lisilofunguliwa kwa miaka. Mama Eugénie naye akacheka, akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Miaka nane," alisema. "Ungeuliza tu."

"Ningeuliza."

"Sasa ita ule fundi wako. Apige fimbo yake. Lakini akanyage taratibu, hii lengalenga ni jamaa yangu."

Fiston aling'oa ubao mmoja wa ua, akapenya. Fimbo iliingia katika udongo ule mweusi pigo kwa pigo, mpaka ikabaki kichwa tu. Tuta zima la lengalenga lililala, na Mama Eugénie aligeuza uso ili asilione. Fundi aliunganisha waya, akatoa kipimo chake, akakitazama kwa muda, akatikisa kichwa.

"Ni kiangazi. Udongo umekauka, haushiki courant vizuri. Mukaguzi atakataa. Lazima tuchimbe kando ya fimbo, tuweke vumbi ya makala, yale makaa ya kupikia, na chumvi, halafu tunyweshe. Bidon saba, nane hivi. Kwa taratibu, mpaka kesho."

Maji! Mabomba ya mtaa yalikuwa makavu kwa wiki mbili. Kila bidoni ya manjano, dumu la lita ishirini, ilipandishwa kutoka ziwani kwa mgongo au kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali. Katika mtaa ule, kumpa mtu bidoni nzima ilikuwa kumpa nusu ya siku yako.

"Makala utaleta yako, chumvi niko nayo," alisema Mama Eugénie. "Na bidon moja. Zingine utaomba wewe mwenyewe, mama. Mulango kwa mulango. Mimi sitakuombea."

Nabintu alitoka na chukudu aliyoazimwa na Mama Eugénie. Lango la kwanza alisimama mbele yake mpaka mbwa akachoka kubweka. Akafungua mzee mmoja, Papa Laurent, fundi viatu.

"Eh! Mama Jolie! Kumbe unaishi?" alisema akicheka. "Mimi nilikuwa nataka kuuliza kama ile nyumba inauzishwa!"

"Naishi, papa. Naomba maji. Jolie amezaa."

"Jolie? Ule alikuwa anakuja kuchukua kamba za viatu hapa?" Mzee aligeuka akapaza sauti ndani: "Toeni bidon! Jolie amezaa, na sisi hatujaambiwa!"

Lango la pili mwanamke alimpa bidoni nusu, akaomba radhi kwa ile nusu nyingine. La tatu walimkalisha wakamuuliza uzito wa mtoto, na Nabintu aliona haya, maana hakuujua. Hakuwa amezoea kuulizwa chochote. Lango la nne alikuwa Nshobole, mwanamke kijana mwenye watoto pacha.

"Siku nilipotoka kuzaa hawa," Nshobole alisema bila kupandisha sauti, "tulipishana hapa njiani. Ulinipita ukiangalia chini. Leo ni maji?"

"Ni kweli," Nabintu alisema. "Nilipita."

"Basi na leo upite."

Nabintu alipita. Neno lile lilimkaa moyoni kama mwiba, wala hakutafuta wa kumlaumu. Alibisha lango lililofuata, na lililofuata. Jua lilipokuwa limelegea, chukudu yake ilikuwa na bidoni saba, na nyuma yake watu wanne walikuwa wakiisukuma kwenye makoro, wakibishana kama mtoto apewe jina la Luc au la.

Walimwaga maji kikombe kwa kikombe, mpaka udongo ukanywa wote.

Ijumaa adhuhuri alifika mkaguzi, Magloire, mtu wa maneno machache mwenye miwani mizito. Alichomeka vipimo vyake, akasubiri. Fiston alikuwa akiuma kucha. Nabintu hakuweza kutazama. Alitazama uso wa Mama Eugénie, na Mama Eugénie alikuwa akisali kimyakimya kwa Kihunde.

"Ni muzuri," Magloire alisema hatimaye. "Lakini hii fimbo iko kwa nani?"

"Kwangu," alijibu Mama Eugénie.

"Na compteur?"

"Kwangu," alijibu Nabintu.

Mkaguzi aliwatazama wote wawili juu ya miwani. "Basi mujue hii. Siku mutakosana, mmoja akakata huu waya, mulinzi wa hii nyumba amekufa. Mumesikia?"

"Tumesikia," walisema pamoja.

Alitia sahihi, akakata lakiri. Sanduku jeupe likaonyesha taa ndogo ya kijani. Nabintu alinyoosha mkono akaushika mlango wa bati uliokuwa umelowa maji ya Fiston ya majaribio, akaushika kwa kiganja kizima. Haukumpiga. Usiku ule alimsomea Aubin karatasi ya mkaguzi kwenye simu, mstari kwa mstari, na Aubin akasema, "Basi kesho, mama. Tunakuja kwenu."

Jumamosi kulikucha bila umeme. Haikuwa nyumba yake. Mji mzima ulikuwa umekatiwa tangu alfajiri, na hakuna aliyejua utarudi lini. Sanduku jipya lilikaa ukutani kama saa iliyosimama. Birika la umeme alilolinunua kwa ajili ya maji ya Jolie lilikuwa bubu, na makaa yake yalikuwa yamekwenda ardhini pamoja na chumvi. Nabintu aliketi kitandani, akacheka peke yake kidogo, halafu akaogopa. Akatoka, akabisha hodi ng'ambo bila kuzunguka, kupitia pengo la ubao uliong'olewa.

Teksi ya Aubin ilipofika saa nne, Jolie alishuka taratibu, mkono tumboni. Alidhani wamekosea njia. Lango lilikuwa wazi. Uani, juu ya makoro, mbabula tatu, majiko ya makaa, zilikuwa zikiwaka, kila moja kutoka nyumba yake, na sufuria za maji zilikuwa zikichemka. Mama Eugénie alikuwa akikoroga uji wa mtama. Papa Laurent alikuwa ameketi kwenye kigoda akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata.

"Mama," Jolie alinong'ona, "na courant mulisema imetengenezwa?"

"Imetengenezwa. Imekatika mji muzima."

"Sasa hawa wote ni nani?"

Nabintu alimpokea mtoto. Alikuwa mzito kuliko alivyodhani, mwenye joto, na alikunja uso kwa kelele za watu. Alitaka kusema hawa ni majirani, lakini neno hilo lilimwia dogo. Kabla hajapata jingine, Mama Eugénie alimnyang'anya mtoto.

"Lete huku! Wewe utamubeba mwaka muzima. Kamuogeshe binti yako, maji yanapoa."

Nabintu alikwenda. Alimwaga maji ya moto kwenye beseni, maji ya nyumba tano yaliyochanganyika, akamkanda binti yake mgongo, huku akisikia uani watu wakigombea zamu ya kumbeba mjukuu wake. Upande wa Nshobole lango lilibaki limefungwa, na Nabintu aliazimia kwenda kubisha tena kesho, na keshokutwa. Taa haikuwaka siku ile, wala kesho yake, na hakuna aliyeisikia kasoro hiyo, kwani nyumba yenye watu haina giza. Aliyeishi miaka minane bila wenzake ndiye shahidi wetu: mtu ni watu.